Moyo wa Kima: Ngano za Wazee na Elimu ya Kuzichungua

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo watu wengi hulidhania kuwa la watoto tu, nalo ni ngano: hadithi za sungura na fisi, za kima na papa, pamoja na vitendawili vya jioni, methali, na nyimbo za kutwangia. Mtu mzima mwenye shughuli zake hucheka akisikia kwamba wako wataalamu waliotumia maisha yao yote kuzikusanya hadithi hizi, kuzilinganisha, na kuzipa nambari kama karani apangaye mizigo ghalani. Huuliza, "Faida yake nini? Sungura hasemi." Kweli, sungura hasemi. Lakini aliyemsemesha ni mtu, na mtu huyo alikuwa na nchi yake, mfalme wake, chakula chake na hofu zake. Na hayo yote ameyaacha ndani ya hadithi bila ya kujua, kama mpita njia aachavyo alama za nyayo katika tope.

Elimu hii si ya zamani sana. Watu wamesimulia tangu walipoanza kusema, lakini kuketi na kuandika masimulizi ya watu wasiosoma, kwa kuwa yana thamani yake yenyewe, kulipata nguvu katika Ulaya karne ya 19. Huko Ujerumani ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa juzuu ya kwanza ya ngano zao mwaka 1812 na ya pili mwaka 1815. Katika Finland tabibu mmoja, Elias Lönnrot, alitembea vijijini akiandika nyimbo za kale kutoka vinywani mwa waimbaji, akaziunganisha zikawa utenzi mmoja mrefu uitwao Kalevala, uliotolewa mwaka 1835, na kutolewa tena mwaka 1849 ukiwa umeongezwa sana. Wakati huo Finland ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na lugha ya wakubwa na ya vitabu ilikuwa Kiswidi. Watu wa nchi ile walipoona kwamba lugha yao ya shambani ina utenzi wa namna hiyo, walianza kuiheshimu, na heshima hiyo iliwasaidia baadaye kujihesabu kuwa taifa. Huko Uingereza, mwaka 1846, William Thoms alitunga neno jipya la kuita elimu hii, kwa kuunganisha maneno mawili ya zamani ya Kiingereza, moja lenye maana ya watu na jingine lenye maana ya maarifa. Sisi twaweza kusema "mapokeo ya watu", yaani yale ambayo kizazi hupokea kutoka kwa kizazi kwa mdomo na kwa mazoea, si kwa kitabu.

Lakini habari za Ulaya zatutosha hapo. Elimu hueleweka zaidi ikishikwa kwa mfano mmoja, nasi tunao mfano wetu wenyewe, ambao haukosi mahali katika vitabu vya wataalamu wa mambo haya duniani. Mfano huo ni hadithi ya kima na papa, iliyosimuliwa Unguja.

Mwaka 1870 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Swahili Tales. Aliyekikusanya ni Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na kufanywa askofu mwaka 1874. Steere hakuzitunga hadithi hizo. Alisimuliwa na watu wa Unguja, akaziandika kwa Kiswahili, akaweka tafsiri ya Kiingereza kando yake. Katika hadithi hizo imo moja iitwayo Kisa cha Punda wa Dobi. Naisimulia hapa kwa ufupi na kwa maneno yangu, kwa ajili ya wale ambao hawakubahatika kuisikia nyumbani.

Palikuwa na mkuyu mkubwa kando ya maji ya kina. Matawi yake nusu yalielekea bara, na nusu yalielekea baharini. Kima alikuja kila siku kula kuyu, na papa alikuwa chini majini, akamwomba amtupie. Kima akamtupia leo, akamtupia kesho, hata wakawa marafiki. Siku moja papa akasema, "Rafiki yangu, umenitendea wema mwingi. Twende kwetu nami nikulipe." Kima akajibu kwamba watu wa bara hawaendi majini. Papa akasema, "Nitakubeba mgongoni, wala tone la maji halitakugusa." Wakaenda. Walipofika katikati ya safari papa alisema kweli: "Sultani wetu ni mgonjwa sana, na imesemwa kwamba hana dawa ila moyo wa kima." Kima akafikiri upesi, akasema, "Ole wako! Mbona hukuniambia tukiwa kwetu? Sisi kima tukisafiri huiacha mioyo yetu mitini. Ukinipeleka hivi, utapeleka mwili mtupu. Turudi tukautwae." Papa akageuka. Walipofika, kima akaruka, akapanda juu kabisa, akanyamaza. Papa akaita, akaita tena. Mwisho kima akamjibu, "Wanidhani mimi ni punda wa dobi?"

Papa akauliza, huyo punda wa dobi ndiye nani? Ndipo kima akamsimulia hadithi ya pili iliyo ndani ya ile ya kwanza. Punda wa dobi alitoroka kazini, akaenda mwituni, akanenepa. Sungura akamwona. Simba naye alikuwa ametoka katika ugonjwa, hana nguvu za kuwinda, basi sungura akamwahidi nyama. Akamwendea yule punda jike, akamwambia, "Nimetumwa kukuposa," na punda akafurahi, akamfuata. Simba akamrukia, lakini alikuwa dhaifu bado. Punda akapiga mateke, akakimbia. Siku nyingine sungura akarudi kwake kwa maneno matamu, na punda akakubali tena kwenda, na mara hii simba akamwua. Simba akamwagiza sungura amwekee moyo na masikio. Sungura akavila kwa siri. Alipoulizwa, akajibu, "Bwana, huyu alikuwa punda wa dobi. Lau angekuwa na moyo na masikio, angalirudi hapa mara ya pili?"

Mtu wa pwani akiisikia hadithi hii hucheka, tena huona kuwa ni yake kabisa. Mkuyu ni wake, papa ni wake, sultani ni wake, na dobi amwona mjini. Kumbe hadithi hii imetoka mbali.

Katika Bara Hindi kiko kitabu cha kale sana, kilichoandikwa kwa Kisanskriti, kiitwacho Panchatantra. Ndani yake imo hadithi ya nyani akaaye juu ya mti wa matunda karibu na maji, na mnyama wa majini, ambaye wengi humtaja kuwa mamba, aliyefanya urafiki naye. Mke wa mamba ndiye autakaye moyo wa nyani. Nyani asema ameuacha mtini, arudishwa, aokoka. Kisha asimulia hadithi ya punda asiye na moyo wala masikio. Hata katika masimulizi ya Wabuddha ya maisha ya zamani ya Buddha imo hadithi ya nyani na mamba namna hii. Katika karne ya 6, zama za mfalme Khosrow Anushirwan wa Uajemi, tabibu aitwaye Borzuya alikifasiri kitabu kile cha Kihindi kwa Kiajemi cha wakati huo. Karibu miaka mia mbili baadaye, katika karne ya 8, Abdallah ibn al-Muqaffa alikifasiri kutoka Kiajemi kwa Kiarabu, kikaitwa Kalila wa Dimna. Hapo mnyama wa majini amekuwa kobe, na mti umekuwa mtini wenye matunda. Kutoka Kiarabu kitabu kikapita katika lugha nyingi: Kiebrania, Kilatini, Kihispania mwaka 1251, na hata Kiingereza mwaka 1570. Na njia za biashara kati ya Bara Hindi, Uajemi, Arabuni na pwani yetu zimepitika kwa majahazi kwa zaidi ya miaka elfu. Nahodha aliyeleta tende na vyombo vya udongo hakuacha ulimi wake nyumbani.

Upande wa mashariki nako hadithi ilisafiri. Huko Korea kitabu cha historia kilichoandikwa mwaka 1145 chataja habari ya sungura aliyetakwa ini lake ili liwe dawa katika jamaa ya mfalme wa bahari, naye akadai kwamba ameliacha bara. Pale kima amekuwa sungura, moyo umekuwa ini. Hila ni ile ile.

Sasa yako makosa mawili ambayo watu huyafanya wakisikia habari hizi. La kwanza ni la wageni wengine wa zamani, waliosema, "Basi, Waswahili hawana chao, hadithi zao ni za kuazima." La pili ni la wenyeji wenye wivu wa nchi yao, ambao husema, "Si kweli, ni yetu tangu asili," wakakasirika. Kwa maoni yangu wote wawili wameshika mkia wa jambo. Wataalamu wa mapokeo hawaulizi tu hadithi ilitoka wapi. Huuliza: waliopoikea, waliigeuza vipi, na kwa nini? Maana mtu hageuzi hadithi ovyo. Hutupa asilolielewa na lisilompendeza, huweka lile alijualo. Lililogeuzwa ndilo lenye alama ya mwenyeji.

Tuzitazame alama hizo. Kwanza papa. Kisiwani Unguja hakuna mto mkubwa wenye mamba, lakini kila mvuvi amjua papa, na kila mwanamke amempika. Msikilizaji aliyekula papa mkavu mchana, usiku asikia habari ya papa atakaye kumla mwenzake. Kicheko hapo chajileta chenyewe. Pili mkuyu. Mtini wa Waarabu umebadilika jina tu, kwa kuwa mkuyu na mtini ni ndugu katika elimu ya miti. Aliyeleta mkuyu katika hadithi hii alikuwa na macho mazuri.

Tatu dobi. Huyu ni ajabu, kwa sababu hakubadilika hata kidogo. Katika Panchatantra punda ni wa mfua nguo. Katika Kiarabu ni wa mfua nguo. Na Unguja ni wa dobi, nalo neno dobi lenyewe ni la Kihindi. Mnyama wa majini amegeuzwa mara nyingi, bali mfua nguo amesafiri salama kutoka Bara Hindi hata Unguja na kikapu chake cha nguo, kwa kuwa katika miji yote hiyo alikuwapo mtu wa kazi hiyo, na punda wake aliyechoka.

Nne ni sungura. Katika Bara Hindi na Arabuni aliyemdanganya punda ni mbweha. Pwani, mbweha ametolewa, ameingia sungura. Hili si jambo dogo. Katika makabila mengi ya Afrika Mashariki na ya kati, sungura ndiye mwenye hila, mdogo awashindaye wakubwa. Mbweha alipofika pwani alikuta kiti chake kimekwisha kukaliwa. Hapa twaona ya kuwa wasimulizi wa Unguja hawakuwa watu watupu wangojao hadithi kutoka ng'ambo. Walikuwa na kundi lao zima la hadithi, zenye watu wake na kanuni zake, na hadithi ngeni ilipoingia ililazimika kufuata kanuni hizo. Na hata namna ya kumdanganya punda imegeuka. Katika Kihindi na Kiarabu punda huahidiwa majike. Unguja huletewa posa na mjumbe. Mtu wa pwani ajuaye taratibu za mshenga hawezi kufikiri habari ya ndoa kwa njia nyingine, hata ndoa ya punda.

Tano, nayo ndiyo kubwa, ni sultani. Katika Bara Hindi mke wa mamba ana wivu, au ana tamaa. Ni ugomvi wa nyumbani. Unguja, papa hatumwi na mke. Atumwa na haja ya mfalme wake. Je, twaweza kusema kwamba wasimulizi waliweka sultani kwa kuwa waliishi chini ya Sultani wa Unguja? Mchunguzi mwangalifu husita hapa, kwa sababu Korea nako yupo mfalme wa bahari, wala watu wa Korea hawakumjua Sultani wetu. Ndiyo maana elimu hii hutaka kulinganisha kabla ya kuhukumu. Lakini lililo wazi ni hili: swali lililowekwa mbele ya wasikilizaji limebadilika. Yule mamba wa Kihindi achagua kati ya mke na rafiki. Papa wetu achagua kati ya rafiki na mtawala. Rafiki amemlisha kila siku. Mtawala ni mgonjwa, na amri yake haikataliki. Papa achagua kumtii mtawala, tena kwa hila, na hadithi yamwacha mikono mitupu chini ya mti. Katika mji ambao mtu hangeweza kusimama sokoni akasema kwamba yako mambo ambayo hata sultani hastahili kupewa, kima aliweza kuyasema kutoka juu ya mkuyu, na hakuna askari aliyemkamata.

Hapo tumefika kwenye kazi ya ngano katika maisha ya watu. Mmarekani mmoja, William Bascom, aliandika mwaka 1954 kwamba mapokeo ya watu yana kazi nne: kufurahisha, kuthibitisha desturi, kufundisha, na kuwazuia watu wasitoke katika mwenendo uliokubaliwa. Sina ugomvi na hesabu hiyo, ila ningeongeza la tano, lile la kima: kusema lisilosemeka. Ngano humpa mdogo nafasi ya kumshinda mkubwa kwa muda wa nusu saa. Waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika kwenda Marekani waliendelea kusimulia habari za sungura mwerevu, na hadithi zao zikaandikwa na Joel Chandler Harris katika kitabu kilichotolewa mwishoni mwa mwaka 1880. Wako waliobishana juu ya asili ya hadithi hizo moja moja, lakini si vigumu kuelewa kwa nini mtumwa alipenda kumsikia sungura akimshinda mbwamwitu.

Kufundisha nako si kwa mafundisho ya mwisho wa hadithi, ambayo watoto huyasahau upesi. Mtoto hujifunza lugha. Husikia neno likitumiwa mahali pake, hujifunza lini kunyamaza na lini kuitikia, hujifunza wimbo wa katikati ya hadithi na huuimba pamoja na wote. Vitendawili humzoeza kutazama: aambiwapo nyumba isiyo na mlango, lazima alifikirie yai kwa namna ambayo hakuliona jikoni. Hata ile miiko iliyo katika makabila mengi, kwamba asimuliaye ngano mchana atapatwa na balaa, ina akili yake. Mchana ni wa jembe na wa mifugo. Na usiku, katika giza, msimulizi hana mshindani.

Yafaa hapa kutofautisha, kwa maneno machache tu, kwamba si kila masimulizi ni ngano. Habari za Fumo Liongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, husimuliwa kama mambo yaliyotukia, kwa majina ya miji na watu. Na hadithi za jinsi mauti yalivyokuja duniani husimuliwa kwa heshima nyingine. Ngano yenyewe haimdai msikilizaji aamini. Anajua, na msimulizi anajua kwamba anajua.

Turudi kwa wakusanyaji, maana kuna jambo zito katika kazi yao. Watu walipoanza kulinganisha hadithi za dunia, waliona haja ya orodha. Antti Aarne wa Finland alitoa orodha ya aina za ngano mwaka 1910. Stith Thompson wa Marekani akaiongeza mwaka 1928 na tena mwaka 1961. Na Hans-Jörg Uther wa Ujerumani akaitengeneza upya mwaka 2004. Katika orodha hiyo hadithi ya kima aliyeuacha moyo nyumbani ni nambari 91, na ya punda asiye na moyo ni nambari 52. Basi mwanafunzi aliyeko Japani akitaka kuichungua hadithi hiyo, nambari humwongoza hata Unguja. Mjerumani Theodor Benfey, aliyeifasiri Panchatantra mwaka 1859, alidhani kwamba ngano karibu zote za dunia zimetoka Bara Hindi. Orodha na makusanyo ya baadaye yameonyesha kwamba dai lake lilipita kiasi.

Lakini orodha ni nzuri kadiri ya maandishi yaliyo chini yake, na maandishi huharibika kwa mkono wa mwandishi. Wale ndugu Grimm, ambao nimewasifu hapo mwanzo, walitoa kitabu chao mara saba hata mwaka 1857, na kila mara Wilhelm alilainisha maneno. Katika hadithi ya watoto wawili walioachwa msituni wakati wa njaa, anayetaka waachwe alikuwa mama yao mzazi. Katika matoleo ya baadaye amekuwa mama wa kambo. Msomaji wa mwisho hawezi tena kuona kwamba watu wa kale walithubutu kusimulia habari ya njaa iliyomfanya mama awatupe wanawe. Mkono mmoja wenye adabu umelifuta. Fikirini kama Steere angaliona aibu kumwacha sultani wa papa bila dawa, akamfanya apone kwa dawa nyingine!

Na liko kosa jingine lililotupata sisi zaidi. Wakusanyaji wengi wa zamani waliandika hadithi, lakini jina la msimulizi hawakuliweka, au waliliweka ndogo ndani ya dibaji ambayo hakuna aisomaye. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliandika kwa mkono wake sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903. Kwa miaka mingi kitabu hicho kilitajwa kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekitoa. Tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1981 ndiyo iliyoweka jina la Mtoro mbele ya watu. Miaka sabini na minane imepita hapo kati.

Shuleni nako ngano ziliingia kwa kuchelewa. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka masomo ya fasihi yaanze na Afrika, na masimulizi ya mdomo yawe sehemu yake kubwa, badala ya kila kitu kuanzia Uingereza. Wengi walishangaa. Baadaye somo hilo, liitwalo fasihi simulizi, likawa la kawaida katika shule za sekondari. Ni jambo jema, ingawa kuna hatari yake: mwanafunzi hujifunza kutaja aina za ngano kwa majina yao, naye hajapata kumwomba mzee mmoja amsimulie hata moja.

Kwa hiyo naona nisiwaache bila ya kusema namna ya kuandika, kwa kuwa wanafunzi wengi wanaweza kuifanya kazi hii wakati wa likizo. Chagueni mzee asiye na haraka, mwende jioni, wala msiende peke yenu: ngano haisimuliwi kwa mtu mmoja aliyeshika kalamu, yataka waitikiaji. Siku hizi simu za mkononi zanasa sauti, nazo ni msaada mkubwa, ila muombeni ruhusa kwanza, na mumwambie mtaifanyia nini sauti yake. Kisha andikeni kila neno kwa lugha ile ile aliyoisema, si kwa lugha ya darasani. Wimbo ukirudiwa mara tano, andikeni mara tano. Watoto wakicheka, andikeni kwamba walicheka, na wakati gani. Juu ya karatasi liwepo jina lake kamili akikubali, kijiji, tarehe, na alisikia hadithi hiyo kutoka kwa nani. Jibu la swali hilo la mwisho aghalabu huwa "bibi yangu, mzaa mama", na hapo mnakuwa mmerudi nyuma karibu miaka mia kwa karatasi moja.

Na akianza kusimulia hadithi ya kima, msimsahihishe. Akisema mwembe badala ya mkuyu, andikeni mwembe. Akisema kwamba anayeutaka moyo ni mke wa papa, au mganga, au mkuu wa wilaya, andikeni hivyo hivyo, mkamwulize kwa upole, hadithi ikiisha, kwa nini ni huyo.